Priseti za kielekezi cha MIDI: Mwongozo kwa wapiga vinanda wanaoanza

MJI wa Emali katika Kaunti ya Makueni umekaa penye njia panda. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hupita hapo, nayo barabara ya Loitokitok huchepuka hapo kuelekea kusini, chini ya Mlima Kilimanjaro. Reli kongwe hupita mjini humo, na tangu mwaka wa 2017 reli mpya ya SGR nayo ina kituo chake Emali. Msafiri akifika hapo hana budi kujua anakoelekea, la sivyo atajikuta Makindu ilhali alidhamiria kwenda Kimana.

Kazi ya njia panda hiyo ndiyo kazi ya kifaa ambacho kimeanza kuwavutia wapiga vinanda wa makanisa, kwaya na bendi ndogo, yaani kielekezi cha MIDI. Kifaa hicho hupokea ujumbe kutoka ala moja na kuupeleka kwenye ala nyingine, au ala kadhaa kwa wakati mmoja, kulingana na maagizo kiliyopewa. Maagizo hayo yakihifadhiwa ndani ya kifaa ili yaitwe tena kwa kubonyeza kitufe, huitwa mpangilio uliohifadhiwa, au priseti kwa lugha ya wanamuziki.

Wengi wanaokinunua kifaa hiki hushindwa nacho katika siku za mwanzo. Si kwamba kifaa ni kibovu, bali priseti zake hazijaeleweka. Ibada huanza, mpiga kinanda akabonyeza, na kimya kikatanda. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuanza ili hilo lisitokee.

MIDI si sauti

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba waya wa MIDI haupitishi sauti hata kidogo. Hupitisha maagizo tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiliwa lini. Ala inayopokea ndiyo inayotoa sauti yake yenyewe. Ndiyo maana kinanda kimoja kinaweza kuagiza ala nyingine ilie filimbi, gitaa au zeze.

Mfumo huu ulioneshwa hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya NAMM huko California, Marekani, pale kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential kilipounganishwa na Jupiter-6 cha kampuni ya Roland ya Japani. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka wa 2013 kwa mchango huo. Toleo jipya, MIDI 2.0, lilitangazwa mwaka wa 2020, lakini ala nyingi zilizomo mikononi mwa watu bado hutumia lugha ile ya 1983.

Lugha hiyo ina chaneli 16 katika waya mmoja. Chaneli ni kama jina la mwenye barua: ala iliyowekwa kwenye chaneli ya 2 hupuuza barua zote zilizoandikiwa chaneli ya 3. Kwa mujibu wa kanuni za General MIDI za mwaka wa 1991, chaneli ya 10 imetengewa ngoma. Maagizo husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, hivyo kwamba agizo la noti moja lenye baiti tatu huchukua takriban elfu moja ya sekunde kufika. Kasi hiyo inatosha mahitaji ya kawaida, mradi waya mmoja usirundikiwe jumbe zisizo na kazi.

Kielekezi hufanya nini

Ala nyingi zina matundu ya duara yenye pini tano, yaliyoandikwa IN, OUT na THRU. OUT hutoa maagizo ya ala yenyewe, IN hupokea, na THRU hurudia kwa ala inayofuata yale yaliyoingia kupitia IN. Kwa ala mbili, waya mmoja unatosha. Kwa ala tatu zenye bwana mmoja, THRU inatosha. Shida huanza pale vinanda viwili vinapotaka kuagiza moduli moja ya sauti, au tarakilishi inapotaka kurekodi zote, au mashine ya ngoma inapotakiwa kuongoza mwendo katika wimbo mmoja na kunyamaza katika wimbo unaofuata. Hapo mpiga kinanda asiye na kielekezi hulazimika kuchomoa na kuchomeka waya gizani, nyuma ya ala, huku mchungaji akimsubiri.

Kielekezi huondoa adha hiyo. Nyaya zote huchomekwa mara moja na kubaki zilivyo, na njia za ndani ndizo zinazobadilika. Vifaa hivi si vigeni. Roland ilikuwa na A-880 yenye matundu 8 ya kuingilia na 8 ya kutokea tangu miaka ya themanini, nayo MOTU ya Marekani ilikuwa na MIDI Timepiece. Miongoni mwa vya karibuni ni Midihub ya kampuni ya Blokas kutoka Lithuania, yenye matundu manne ya kuingilia na manne ya kutokea, na inayoweza kuhifadhi priseti 8 na kufanya kazi bila tarakilishi baada ya kupangwa.

Kabla ya kununua, ni vyema kukagua tundu la kinanda kilichopo. Vinanda vingi vya bei nafuu vya siku hizi havina matundu ya pini tano. Vina tundu la USB pekee, lililokusudiwa kuunganishwa na tarakilishi. Kinanda cha aina hiyo hakiwezi kuunganishwa na kila kielekezi. Huhitaji kielekezi chenye uwezo wa kukipokea kinanda kama tarakilishi inavyokipokea. Mnunuzi asiyeuliza swali hili dukani hurudi nyumbani na kifaa kizima kisichoweza kumfaa.

Priseti mbili zinazochanganywa

Neno priseti huleta utata kwa sababu vinanda navyo vina priseti. Priseti ya kinanda huhifadhi sauti: piano hii, mdundo ule, kiwango hiki cha mwangwi. Priseti ya kielekezi haihifadhi sauti yoyote. Huhifadhi njia na masharti ya njia, yaani:

- Tundu lipi la kuingilia linafungamana na tundu lipi la kutokea.
- Chaneli zipi zinapita, zipi zinazuiwa, na zipi zinabadilishwa kuwa nyingine.
- Sehemu ipi ya kinanda inaenda wapi, kwa mfano mkono wa kushoto kwenye besi na wa kulia kwenye piano.
- Jumbe zipi zinachujwa, kama vile mapigo ya mwendo au maagizo ya kubadilisha sauti.
- Katika baadhi ya vifaa, kupandisha au kushusha ufunguo wa wimbo.

Kwa hiyo mpiga kinanda anayeita priseti ya 2 ya kielekezi akitarajia sauti ya kwaya ataambulia patupu, iwapo moduli yenyewe haijawekwa kwenye sauti hiyo. Kielekezi kimefungua njia. Sauti ni jukumu la ala iliyo mwisho wa njia.

Hatua za kuanza

Kwanza, kalamu na karatasi. Kila ala ichorwe kama kisanduku, kisha mishale ionyeshe nani anamwagiza nani. Kando ya kila mshale iandikwe chaneli. Mchoro ukishindwa kueleweka kwenye karatasi, hautaeleweka ndani ya kifaa.

Pili, nyaya. OUT ya ala huingia IN ya kielekezi, na OUT ya kielekezi huingia IN ya ala. Kosa la kuunganisha IN na IN ndilo la kawaida mno, na haliharibu kitu. Huleta kimya tu. Waya wa MIDI wa pini tano usizidi mita 15. Kila waya upewe alama kwa kipande cha karatasi ya gundi.

Tatu, kufuta ya zamani. Kifaa kipya huja na priseti za kiwandani, na kile kilichotumika huja na priseti za mmiliki wa awali. Ni afadhali kuanza na priseti tupu kuliko kurekebisha mawazo ya mtu mwingine. Mtu aliyenunua kifaa kilichotumika akaona noti zinaruka oktava moja asikimbilie kukirudisha. Huenda mwenyewe wa kwanza alikuwa na haja ya oktava hiyo.

Nne, njia moja tu. Kinanda kikuu kiunganishwe na moduli, chaneli ya 1, pasipo kichujio wala mgawanyo. Bonyeza noti. Ikilia, simama hapo kwanza usiongeze kitu.

Tano, kuhifadhi. Katika vifaa vingi, mabadiliko yanayofanywa kwenye kiwambo au kwenye programu ya tarakilishi hufanya kazi papo hapo, lakini hayajaingia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Kuna amri ya pekee ya kuhifadhi, na isipotolewa kazi yote huyeyuka kifaa kinapozimwa.

Sita, kuzima na kuwasha. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo mtihani wa kweli. Chomoa umeme wa kielekezi, subiri kidogo, kisha rejesha. Iwapo noti ingali inalia, priseti imehifadhiwa. Aidha, angalia kifaa kimeamka kwenye priseti ipi: baadhi huamkia ile iliyotumika mwisho, vingine huamkia ile ya kwanza.

Saba, ndipo njia ya pili iongezwe, ijaribiwe na kuhifadhiwa, halafu ya tatu. Anayeongeza njia tano kwa mpigo na kisha akasikia kelele hatajua ni ipi kati ya hizo tano yenye makosa.

Mfano wa priseti tatu

Chukulia kanisa au bendi yenye kinanda kikuu, kinanda kidogo, moduli ya sauti na mashine ya ngoma, zote zikiwa na matundu ya pini tano. Priseti tatu zinatosha kwa mwanzo.

Priseti ya 1 iitwe Salama. Kinanda kikuu kinaagiza moduli kwenye chaneli ya 1, kinanda kidogo kinaagiza moduli hiyo hiyo kwenye chaneli ya 2, na mashine ya ngoma inajitegemea. Hakuna mgawanyo wala ujanja. Hii ndiyo priseti ya kukimbilia mambo yanapoharibika, na haifai kuguswa tena baada ya kuthibitishwa.

Priseti ya 2 iitwe Kwaya. Kinanda kikuu kimegawanywa: noti ya 59 kushuka chini zinaenda chaneli ya 3 ya moduli, ambako kuna besi, noti ya 60, ambayo ndiyo C ya katikati, kupanda juu zinaenda chaneli ya 1, ambako kuna ogani. Mashine ya ngoma haipokei chochote, ili mkono wa mwimbishaji ndio uongoze mwendo.

Priseti ya 3 iitwe Benga, mtindo ambao Ukambani umeupenda kwa miongo mingi. Hapa mashine ya ngoma ndiyo mwenye saa. Hutoa mapigo 24 kwa kila pigo moja la wimbo, nacho kinanda kikuu huyafuata ili mtindo wake wa kusindikiza usitangulie wala kuchelewa. Kinanda kidogo kinaagiza gitaa kwenye chaneli ya 4. Noti za mashine ya ngoma zinachujwa zisifike kwenye moduli, la sivyo chaneli ya 10 ya moduli nayo italia na ngoma zitasikika maradufu.

Ni muhimu mwenye saa awe mmoja katika kila priseti. Ala ikipokea mapigo ya mwendo kutoka pande mbili, huyumba kama gari lenye usukani mbili.

Hitilafu za kawaida na tiba yake

Noti kulia mara mbili. Kinanda kinalia chenyewe, na wakati huo huo maagizo yake yanazunguka kupitia kielekezi na kukirudia. Tiba ni ama kuondoa njia inayokirudia, au kuzima kiungo cha ndani cha kinanda, kinachoandikwa Local Off kwenye vinanda vingi. Mzunguko usipokatwa unaweza kujaza waya hadi ala zikakwama.

Noti kutokoma. Mpiga kinanda amebadilisha priseti huku kidole kingali kwenye noti. Agizo la kuanza kulia lilipita njia ya zamani. Agizo la kukoma limepita njia mpya. Moduli haikuambiwa inyamaze, basi inaendelea kulia. Kanuni ni kuinua mikono yote miwili na kuachilia kanyagio kabla ya kubadilisha. Likishatokea, vifaa vingi vina kitufe cha dharura kinachotuma agizo la kunyamazisha noti zote.

Priseti kubadilika yenyewe. Vielekezi vingi hukubali kubadilishwa priseti kwa agizo lile lile ambalo kinanda hutumia kubadilisha sauti. Mpiga kinanda akichagua sauti ya tarumbeta, kielekezi nacho husikia na kuhamia priseti nyingine. Tiba ni kukitengea kielekezi chaneli yake ya kipekee, kwa mfano ya 16, ambayo hakuna ala nyingine inayoitumia.

Nambari kupishana kwa moja. Ndani ya MIDI maagizo hayo huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, lakini ala nyingi huonyesha 1 hadi 128. Anayetuma 2 akapata 3 hajarogwa. Ala zake mbili zinahesabu tofauti.

Mvumo kwenye vipaza sauti. Matundu ya pini tano yamebuniwa yasiunganishe moja kwa moja umeme wa ala moja na nyingine. Maagizo huvuka kwa mwanga ndani ya kijenzi kidogo. USB haina kinga hiyo. Mvumo ukianza baada ya kuunganisha tarakilishi, uchunguzi uanzie hapo.

Umeme na daftari

Kukatika kwa umeme katikati ya ibada au arusi si jambo la ajabu kwa mpiga kinanda yeyote. Jenereta ikishanguruma na taa kurejea, ala zote huamka upya, na hapo ndipo hutambulikana nani alihifadhi na nani hakuhifadhi. Priseti iliyo kwenye kumbukumbu ya kudumu hurudi ilivyokuwa. Iliyokuwa imefanyiwa marekebisho dakika kumi zilizopita bila kuhifadhiwa haipo tena. Ni busara kuwasha ala zinazopokea kwanza, kielekezi baadaye na vipaza sauti mwisho, kisha kuita priseti ya Salama na kubonyeza noti moja kabla ya kuendelea.

Iwapo kielekezi hupangwa kupitia tarakilishi, nakala ya priseti zote ihifadhiwe humo, na nyingine kwenye diski ya mkononi iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Kielekezi chenyewe kinaweza kuanguka, kuibwa au kuungua.

Lakini kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo. Katika vikundi vingi, ni mtu mmoja tu anayejua priseti zina nini. Kijana huyo akipata kazi Nairobi au Mombasa, huondoka na maarifa yake, na kifaa kilichonunuliwa kwa michango ya wengi hubaki kabatini kikidhaniwa kimeharibika. Anayemrithi hubonyeza, husikia kimya, na hurejea kwenye kuchomoa na kuchomeka waya kama zamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa tatu linatosha: ukurasa mmoja kwa kila priseti, wenye nambari yake, jina lake, mchoro wa mishale, chaneli za kila ala, sauti inayotakiwa kwenye moduli, na tarehe ilipobadilishwa mara ya mwisho. Likae ndani ya mfuko wa kinanda, wala si nyumbani kwa mtu. Na kabla ya daftari hilo kuaminiwa, mpiga kinanda wa pili akabidhiwe alitumie siku ya mazoezi: aunganishe nyaya zote na kuita priseti zote tatu, mwenzake akiwa ameketi kando bila kusema neno. Pale atakapokwama, ndipo pana neno lililosahauliwa kuandikwa.